Huyu Mzee Leo Namtoa

"Kaka, huyu mzee nimemchoka. Anakunywa mno, kazi kidogo, na akilala haamki mpaka nimpige makofi. Leo namtoa. Yule mpya uliyenionyesha usimpe mtu, namchukua mimi."

Leodegar aliusoma ujumbe huo mara tatu, kidole kikifuata herufi moja moja, maana yeye shule iliishia darasa la nne. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya suruali ya kitambaa, mwingine nje. Na suruali yenyewe alikuwa anaivaa kwa ajili ya huyo huyo aliyeandika: Verediana, Mama Bryson, mjane mwenye steshenari Ifakara mjini. Leo ndiyo siku aliyopanga kumwambia lililo moyoni.

Kwamba ujumbe umekosea njia, hilo aliliona. Lakini mzee ni nani kama si yeye?

"Baba, mbona umesimama kama korongo?" Kristina, binti yake, alichungulia mlangoni.

"Mwanangu, mimi nakunywa?"

"Siku ya gulio tu. Na Krismasi. Na ukishasikiliza taarifa ya habari."

"Hiyo ya taarifa ya habari wananisababishia wao!"

"Wao" kwa Leodegar ni wakubwa wote, kuanzia anayekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Tangu mkewe afariki, miaka mitano sasa, alikuwa anawaandikia barua kuhusu mfereji uliozibwa na kumwaga maji kwenye mpunga wake hapo Michenga. Kila akifika ofisini anaambiwa, "Mzee, barua haionekani, lete nakala nyingine." Masika iliyopita ilipotea moja, akaenda kwa Verediana kutoa kopi. Ya pili ikapotea, akaenda tena. Ya nne ilipopotea alifika steshenari anapiga mluzi. Mara ya tano alikwenda bila barua yoyote.

Na kuhusu kulala, alilala mara moja tu, kwenye benchi la steshenari, akisubiri kopi. Kumbe limewekwa moyoni!

Akapanda bodaboda. Njia nzima alikuwa anawatukana waliochimba mashimo na wasioyaziba, mpaka dereva akasema, "Mzee, mimi naendesha tu."

Steshenari alimkuta Verediana kaunta, na Mwinyimvua, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme, ameegemea maboksi mawili. *Kaka* ndiye huyu, Leodegar akawaza.

"Karibu, Baba Kristina! Umependeza. Unatoka msibani au unaenda harusini?"

"Sijajua bado. Nimesikia kuna mzee anatolewa leo."

"Heee! Habari zimeshafika Michenga?" Verediana alicheka. "Ndiyo, namtoa. Miaka mitatu nimemvumilia inatosha."

Mitatu? Leodegar alipiga hesabu. Yeye na Verediana walianza kusalimiana masika iliyopita.

"Kwa hiyo tuko wawili!"

"Wawili nani?"

"Wazee!"

"Mimi nina huyo mmoja tu na ameshanimaliza. Nilimpata kwa bei ya kutupa, nikadhani nimeokota. Kumbe ana kiu! Kila wiki namnunulia. Halafu ana kiburi: akikosa nyekundu, hata nyeusi hafanyi."

"Nyekundu?"

"Na jana kamtapikia mteja kwenye cheti cha kuzaliwa."

"Mama Bryson," Leodegar alisema akikunja ngumi, "mtu huyo analala humu humu dukani?"

"Alale wapi kwingine? Si huyo hapo, chini ya kitenge."

Leodegar alikirukia kitenge na kukifunua, ngumi ikiwa hewani.

Printa. Kuukuu, ya kijivu, imechafuka wino mdomoni kama mtoto aliyekula zambarau.

Mwinyimvua akaangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka.

"Bwana Leodegar, mpige! Mpige, amemtesa sana dada!"

"Ndiye huyu anayekunywa?"

"Wino," Verediana alisema taratibu. Aliona simu mkononi mwa Leodegar, ujumbe ukiwa wazi, akaichukua, akasoma. Akajishika mdomo. "Yesu na Maria. Nimeutuma kwako? Nilikuwa namwandikia Mwinyimvua!"

"Sasa ukafikaje kwangu?"

"Jina lako ndilo liko juu kwenye simu yangu."

"Kwa nini liwe juu?"

"Linakaa juu jina la mtu unayemwandikia kila siku," akajibu, na ghafla akaona kaunta ina vumbi, akaanza kuifuta.

Mwinyimvua alikohoa. "Tununue printa jamani. Huyu mdogo ndiye uliyemtaka, bei yake nafuu kabisa. Anachapa, anatoa kopi, anaskani."

"Anakunywa nini?" Leodegar aliuliza.

"Katriji za wino."

"Kama yule mzee?"

"Zake ni ndogo zaidi."

"Mama Bryson, unamtoa mzee unamleta mwanawe!"

"Lakini huyu mwingine, wa boksi la pili, bei yake karibu mara mbili, Baba Kristina."

"Sikiliza. Wakubwa walituletea pampu ya maji ya bei rahisi, wakapiga nayo picha, wakaondoka na picha. Pampu ikawa inakunywa mafuta kuliko lori. Bei ya kununua waliitangaza wao kwenye kipaza sauti. Bei ya kuinywesha hawakuitaja, tukailipa sisi." Akamgeukia Mwinyimvua. "Huyo mwingine anakunywaje?"

"Ana matanki. Unamjaza wino wa chupa. Chupa moja nyeusi, maelfu ya kurasa. Naye anachapa, anatoa kopi, anaskani."

"Na chupa zinapatikana hapa hapa, au mpaka Morogoro?"

"Dukani kwangu, rangi zote."

"Kasoro yake? Usinijibu kama wa ofisini."

Mwinyimvua alijikuna kidevu. "Hataki kukaa bila kazi. Ukimwacha mwezi mzima peke yake, wino unamkauka kichwani."

"Mgane huyo," alisema Verediana bila kuinua macho.

Leodegar hakujua aweke mikono wapi.

"Namchukua wa matanki," Verediana alisema.

Mwinyimvua akaichomeka, akamimina wino, ikaunguruma kwa muda na kunyamaza. "Nipe karatasi yoyote tujaribu kopi."

Leodegar kwa kuhangaika alijipapasa mfukoni, akatoa karatasi, akampa. Ilipokuwa tayari chini ya kioo ndipo alipokumbuka ni ipi.

"Hapana! Hiyo siyo!"

Printa haikumsikiliza. Ilitema kopi safi, nyeusi tii. Verediana aliichukua. Leodegar alikuwa anajua kuandika barua ya aina moja tu.

"Kwa Bwana Fulgensi, kaka wa Verediana, Malinyi. YAH: MALALAMIKO KUHUSU NYUMBA KUKOSA MTU. Somo la hapo juu lahusika. Nalalamika kwamba tangu mke wangu afariki, jioni ninakuwa na maneno mengi na sina wa kumwambia isipokuwa ofisi, nayo haijibu. Nimelifuatilia suala hili kwa dada yako kwa kisingizio cha kopi. Kopi ninazo nyingi, sina pa kuzipeleka. Naomba nimwoe. Naomba hatua zichukuliwe haraka. Nakala: Paroko. Nakala: Faili."

Verediana alisoma mpaka mwisho, akarudia tena. Machoni maji yalikuwa yanamlenga, mdomoni kicheko.

"Umeleta nakala ngapi?"

"Hiyo moja. Nilitaka utoe tatu," Leodegar alisema akitazama viatu. "Barua zangu huwa zinapotea."

Verediana alifungua droo ya mihuri anayowachongea watu, akachagua mmoja, akaukandamiza kwenye pedi ya wino, akaugonga juu ya barua kwa nguvu mpaka kaunta ikalia: IMEPOKELEWA.

Leodegar aliutazama muhuri ule. Miaka mitano ya barua, na hakuna iliyowahi kugongwa.

"Na majibu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nirudi lini?"

"Usiende popote."

Akachukua kalamu, akaandika chini ya muhuri, taratibu, kwa herufi kubwa ambazo mtu wa darasa la nne anazisoma bila kidole: *Kaka Fulgensi, mimi nimekubali. Hatua zichukuliwe haraka.*