Mfalme Aliyekaa Matangani

Ijumaa, barabara ya Mutanabbi, soko la vitabu la mji, haina pa kutia mguu; vitabu vimelala chini, watu wamesimama. Nibras, mwanafunzi wa tamthilia aliyevaa sketi ya kijivu na shati jeupe la chuo, alirudi nyuma kumpisha mbeba chai, akakanyaga kitabu cha watu.

"Dada, hicho husomwa kwa macho," alisema muuzaji.

Alikuwa kijana mwembamba aitwaye Ghazwan. Kitabu kilikuwa nakala ya mashine, bila jalada, iliyopitishwa kwa siri zama za woga: tamthilia ya Mfalme Urzan, aliyemuua rafiki yake kwa wivu. Nibras alikuwa akiitafuta. Alitaka kuandika tasnifu ya kumlinganisha Urzan na Saddam, aliyeanguka mwaka uliopita.

"Mmoja wa karatasi, mmoja wa kweli," alisema Ghazwan. "Utapata nini hapo?"

"Nikipata nitakuletea usome."

Alirudi Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata tena. Joto la Juni lilipoingia, walikuwa wakipigiana simu kila adhuhuri.

"Umeuza, macho yangu?"

"Kimoja. Mteja mwenyewe mzuri kukushinda."

"Ana miaka mingapi?"

"Sabini na minane. Na ndevu."

Siku moja Ghazwan alimweleza Nibras habari za baba yake. Alichukuliwa mwaka tisini na moja, na familia ikakatazwa kufungua matanga. Hata sasa, jina lake likiwa limebandikwa kwenye orodha ya waliouawa, mama hakuthubutu. Kila alasiri bado alimmiminia mumewe gilasi ya chai, ikapoa, akaimwaga.

Wakakubaliana: Alhamisi wajomba wa Ghazwan wangekuja kuposa. Jumatatu Nibras akampa tasnifu.

Alhamisi, Mzee Abdulsattar, baba yake Nibras, alivaa suti yake ya ualimu, akakaa karibu na dele la kahawa. Kwa desturi, msemaji wa waposaji hukiweka kikombe chini, hakigusi mpaka akubaliwe. Vikombe vilipangwa. Kahawa ikapoa. Hakuja mtu.

Ghazwan alipokea simu siku ya tatu.

"Umeniaibishia baba," alisema Nibras.

"Na wewe umeandika kwamba mtu anaishia kumhurumia dhalimu. Nimelisoma kwa macho yangu. Nikuoe, umpe mama mkono huohuo uliouandikia?"

"Ulifika ukurasa gani?"

"Ishirini na moja."

"Ziko arobaini. Muuza vitabu mzima. Soma thelathini na nane, kisha usinipigie kama hutaki."

Ghazwan alisoma amesimama jikoni kwao, kwa sauti, mama yake akichambua bamia.

"Tunamhurumia Urzan kwa sababu alikaa matangani mwa rafiki aliyemuua, siku tatu, akanywa kahawa chungu pamoja na mjane. Hili ndilo linalowatenga. Dhalimu wetu aliua, kisha akamkataza mjane kulia. Mwandishi hana pa kuianzia huruma."

Mama aliacha kisu. "Nani kaandika?"

"Yule binti."

"Kakosea kitu kimoja. Mimi nililia. Nilifungua maji ya bafuni, nikalia." Akajipangusa mikono. "Waite wajomba zako. Wasiende kuposa. Waje wafunge turubai mlangoni."

Matanga yakafunguliwa, yamechelewa miaka kumi na mitatu. Siku ya tatu Mzee Abdulsattar alifika na suti ileile. Ghazwan alimmiminia kahawa chungu kwa mkono wake mwenyewe.

"Mzee, Alhamisi ile..."

"Leo hatusemi hayo, mwanangu. Kwenye msiba hakuna posa." Akainywa yote. "Mwaka ukiisha, njooni. Nitakuwepo, Mungu akipenda."

Ndani, katikati ya wanawake waliovaa nyeusi, Nibras alikuwa ameketi bega kwa bega na mama yake Ghazwan. Hawakuwa wamezungumza sana. Alipoondoka hakutazama upande wa wanaume, maana haikufaa.

Adhuhuri ya kesho yake simu ililia.

"Nisamehe," alisema Ghazwan. "Mwaka mzima, Nibras. Katika mji huu, nani anajua mwaka utatukuta wapi?"

"Mama yako amengoja kumi na mitatu."

Alasiri hiyo chai ilipochemka, mama alitoa gilasi mbili, yake na ya mwanawe. Ya tatu aliifuta kwa upindo wa nguo yake nyeusi, akaiweka juu kabatini, akafunga.