Nailoni ya Kiti cha Mbele

Keti hapo, zima simu, unisikize. Hii ilimpata beshte yangu Brandon, dereva wa hoteli hapa Doha.

Alikuwa ametoka tu kuchukua ndai yake Industrial Area, gari la Kimarekani, mpya lakini sura ni ya kizamani, injini inanguruma mpaka kifuani. Nailoni za viti, zile za kiwandani, alikataa kutoa. "Zitatoka nikizeeka," aliringa.

Hata hajafika nyumbani, bibi yake Kendi akapiga simu akilia. Uchungu wa kuzaa umeanza, na dhoruba ya mchanga imefukuza teksi zote. Mchana ulikuwa giza tupu. Brandon akamfikia nyumbani kwao, mtaa wa Umm Salal, akamfungulia mlango wa mbele. Kendi akarudi nyuma.

"Si ungeniambia umebeba mtu?"

"Mtu gani, mama? Ingia!"

Akaingia nyuma. Wakishika barabara, kengele ya mkanda ikaanza, ting, ting, ting, kama kiti cha mbele kina abiria. Nailoni yake ikabonyea, ikikwaruza.

"Kanyaga mafuta, Brandon! Mtoto anakuja!"

Akanyoosha mkono, akafunga mkanda wa kile kiti kitupu. Kengele ikanyamaza.

Hospitali ilikuwa bado mbali mkanda ulipojifungua, klik. Nailoni ya mbele ikainuka polepole. Halafu akasikia ya nyuma ikikwaruza.

"Brandon," Kendi akanong'ona, "nani amenishika mkono?"

Sasa wewe, ungesimama kwenye mchanga huo, ama ungeendelea kuendesha?