Mikono ya Mzee Saruji

Haya yalimpata dada mmoja tunayepakana naye ukuta, na kila aliponisimulia sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Kazini walimwita Mama Asante. Alikuwa katika ofisi ya wafadhili ya chuo kikuu, na ukiitazama kazi yake juu juu ungesema analipwa kwa kunywa chai na matajiri.

Haikuwa kazi nyepesi. Tajiri humwombi jengo siku ya kwanza. Unamjua kwanza. Unajua anaumwa wapi, anamlilia nani, chai anainywa na sukari au bila. Unampigia simu siku ambayo huna shida naye. Mama Asante aliipenda kazi hiyo kwa sababu alipenda watu.

Mfadhili wake mkubwa aliitwa Mzee Saruji, maana utajiri wake ulitokana na kuuza saruji. Mgane, mpole, sauti ya chini. Aliwasomesha vijana wengi, na sharti lake lilikuwa dogo: kila anayesomeshwa aletwe sebuleni kwake, ampe mikono yote miwili, aseme asante. Basi. Nani angekataa?

Asubuhi moja ya kawaida tu, yenye jua na upepo kidogo, Mama Asante alipita kumsalimia. Akamkuta mzee amesimama mlangoni bila fimbo. Goti lililomtesa miaka nenda miaka rudi lilikuwa zima.

"Yule kijana wako wa sheria," mzee akasema kwa furaha, "alinishukuru vizuri sana."

Aliporudi chuoni alimkuta kijana wa sheria akipanda ngazi. Anachechemea. Goti la kushoto. Alishika ukuta vilevile kama mzee alivyokuwa akiushika.

Mama Asante akabaki chini ya ngazi. Akamkumbuka binti wa uhandisi, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya. Tangu apelekwe kushukuru hakuimba tena. Alipata kikohozi kikavu, chenye mluzi mwishoni. Kikohozi kile Mama Asante alikuwa amekisikia kwa mzee, kwenye vikombe vingi vya chai. Na mzee siku hizi hakohoi.

Juma lililopita mzee alikuwa amelalamika kuhusu macho.

Mama Asante akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wake.

"Unataka kuniambia mzee wa watu ni mchawi?"

"Nakuambia goti lake limehamia kwa mtoto wa watu."

Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya. Mama Asante alipolazwa hospitali pamoja na mwanawe, ni yeye aliyewapelekea uji kila asubuhi. "Dada yangu, mzee yuko tayari kutujengea maabara nzima. Anachotaka ni yule binti wa udaktari anayemsomesha aende akamshukuru. Usipompeleka wewe, nitampeleka mimi."

"Nitampeleka," akasema. "Angalau nitakuwepo."

Binti wa udaktari alikuwa na macho makubwa maangavu, na ndoto yake ilikuwa upasuaji. Getini kwa mzee, Mama Asante alimshika bega.

"Usimpe mkono. Na lile neno usilitamke."

"Dada, si nitaonekana sina adabu?"

"Leo ukose adabu. Ukikosa macho utapasua nini?"

Binti akacheka, akidhani ni utani. Kisha akamtazama vizuri. Hakucheka tena.

Sebuleni mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Haikutoa mvuke. Mzee alikaa karibu na kabati la vioo, macho yake yametanda ukungu mweupe.

"Mlete karibu," akanong'ona. "Mikono yote miwili, mwanangu."

Binti hakusogea. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, na mzee akimnyooshea mkono, mtoto aliyelelewa hufanyaje? Vidole vyake vikaanza kunyanyuka. Taratibu. Kama vya mtu aliye usingizini.

Mama Asante akatupa jicho kwenye kioo cha kabati. Mle ndani mzee alikuwa na macho makubwa, maangavu.

Binti wa mle kiooni alikuwa akipapasa hewa.

"Asa..." binti akaanza.

Mama Asante akapitisha mkono wake wa kulia katikati. Mzee akaudaka. Kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi. Ilikuwa mizito. Ilibana polepole, kama kitu kinachoganda.

"Haya, sema wewe," mzee akanong'ona. "Neno moja tu. Si ndiyo kazi yako?"

"Silisemi."

"Nimewapa."

"Ulitoa kwa hiari yako. Hakuna tunachodaiwa."

"Kila mtu husema."

"Sisi hatusemi."

Mikono ikabana zaidi. Mama Asante akasikia mifupa yake ikilia. Machozi yakamtoka, lakini akamkazia macho. Alimjua mtu huyu. Alijua anapoumwa.

"Goti si lako," akasema. "Rudisha. Pumzi si yako. Rudisha. Na macho haya hupewi."



Halafu mzee akakohoa. Kikavu. Na mluzi mwishoni.

Mikono ikalegea. Mama Asante akamkokota binti mpaka nje, na kule nyuma walimsikia mzee akipapasa sakafu, akiitafuta fimbo yake.

Kesho yake kijana wa sheria alipanda ngazi za chuo akikimbia. Jumapili binti wa uhandisi aliimba, na walioketi mbele wanasema alilia hadi wimbo ulipoisha. Maabara haikujengwa. Mkurugenzi alimhamishia Mama Asante kwenye ghala la vifaa, ahesabu mifagio na ndoo, naye hakuwahi kuomba arudishwe. Binti wa udaktari sasa ni daktari kamili, na anaona vizuri.

Ila usiku wa siku ile ile waliyotoka kwa mzee, akimwogesha mwanawe, Mama Asante aliona kiganja chake cha kulia hakina mistari. Hata mmoja. Vidole havina alama. Ni laini kama sakafu iliyosuguliwa, na ni baridi hata saa sita mchana. Daktari aliyeonyeshwa alimwita mwenzake, na mwenzake akakitazama, akaondoka chumbani.

Nimekiona mwenyewe. Na nimeona jambo jingine. Mtu akimshukuru kwa lolote, hata kwa kuazimwa chumvi, kiganja kile hufunguka chenyewe. Kinangoja.

Yeye hukikunja. Kidole kimoja kimoja, akisaidia kwa mkono wa kushoto, mpaka kiwe ngumi.