Abiria wa Boti ya Mbwera

Simu ilitetemeka kifuani mwa Biasha, bodaboda ikiwa mwendo wa themanini.

"Picha imo njiani," alisema Mkuu. "Boti ya Mbwera, saa saba."

"Nani kabeba?"

"Hatumjui."

Ikakatika.

Boxer ikaipita Fuso ya mchele ndani ya vumbi, ikashika njia ya Nyamisati.

Picha ilimwonyesha Kondo, mpelelezi wa Mkuu, ndani ya magwanda ya jeshi. Kondo huyo huyo aliyekaa Mbwera miezi mitatu akijifanya muuza kamba wabichi, akiwachunguza wasafirisha bunduki waliojichimbia mikokoni. Huko mtandao haushiki, picha lazima iende kwa mkono.

Ikifika, Kondo anakufa.

Botini Biasha alijibana katikati ya abiria, bastola ya Glock chini ya kanga. Injini ya Yamaha ikanguruma.

Danish, muuza vitenge, alikumbatia begi lake kama mtoto mchanga.

Mna nini humo? Biasha alijiuliza.

Johari, mpika maandazi, hakuhitaji bastola kuuliza. "Danish, umemficha mke wa pili?"

"Tambuu za mama mkwe, dada. Zikilowa nalala nje." Akafungua. Tambuu tupu.

Johari akamgeukia mwanamume mwenye buti nzito. "Na wewe kaka, wa nani Mbwera?"

"Hashimu. Nakwenda kumzika shemeji."

"Nimetoka Mbwera asubuhi, hakuna maiti."

"Amefariki sasa hivi. Nimepigiwa."

"Kwetu simu zimeanza kushika lini?"

Watu wakacheka. Biasha hakucheka.

Maji yalikuwa hayajajaa. Boti ikakwama.

"Shukeni tusukume," alisema nahodha Muhidini.

Wote wakavua viatu. Hashimu akashuka na buti.

"Vua, kaka. Tope hili linameza."

"Nimezoea."

Hatua mbili, akazama hadi mapajani.

"Kazoea wapi huyu?" Johari akauliza.

Biasha akamwendea kama wa kumsaidia. Mkono wa Hashimu ukakimbilia kiunoni. Mdomo wa Glock ulishafika ubavuni mwake, ndani ya kanga.

"Mikono topeni," alinong'ona.

Ndani ya tope, pingu zikamfunga kwenye mzizi wa mkoko. Bastola yake ikazamishwa humo humo.

Abiria walikodoa macho. Kufika jioni Mbwera nzima ingejua, hata wale wa mikokoni. Bora wapewe la kusimulia.

"Mume wangu huyu," Biasha akapaza sauti. "Kaniachia watoto Kibiti, eti anakwenda kuzika. Anakwenda kuoa."

"Si nilisema hakuna maiti?" Johari akadakia.

Hashimu akafungua mdomo. Glock ikambonyeza. Akaufunga.

"Na buti nilimnunulia mimi." Biasha akazing'oa topeni, moja moja. Ndani ya buti ya pili, chini ya soli, kidole kikagusa memori kadi ya picha. Ikahamia kiganjani.

"Mume wa watu simpandishi," alisema Muhidini.

"Mwacheni. Kaka zangu wako nyuma."

Boti ya doria ilishasikika kwenye kona ya mto.

Mbwera, Johari alishuka wa kwanza. Biasha alipofika kwenye meza za samaki, habari ilikwishamtangulia.

"Pole, dada," alisema muuza kamba mmoja. Alikuwa Kondo. Biasha alimjua; yeye hakumjua Biasha. "Wanaume wengine hawana haya. Chukua kamba hawa, ukawapikie watoto."

Biasha akawapokea, akashukuru, akaenda zake kuulizia boti ya kurudi.