Vipande Viwili vya Kulia

Kila asubuhi ya likizo, mimi na binamu yangu tulifagia chumba cha mbele, alimoshonea mama yake, yaani shangazi yangu. Kisha tulikaa kutia vifungo kwenye nguo za wateja. Siku moja shangazi alimwita mwenzangu akae kwenye cherehani. Mimi nikabaki na vifungo vyangu, na kijiba cha roho.

Mtaani binamu yangu walimwita Taratibu, maana hata kamba za viatu alizifunga kama anayefunga kidonda. Alikuwa amebandika ukutani karatasi: kwanza mshono ulionyooka, kisha pindo, kisha kola. Kila alichokiweza alikipiga mstari. Nilipoona pindo nalo limepigwa mstari, nilihisi nimemeza pini.

"Kumbe kuna mashindano ya kobe?" nikamchokoza.

"Yapo," akajibu bila kuinua kichwa. "Nimeingia peke yangu, kwa hiyo kikombe ni changu."

Shangazi akacheka. Kicheko kile nilikitaka kiwe changu.

Ijumaa, mama alileta kitambaa cha shati la mdogo wangu, ambaye angeanza darasa la kwanza Jumatatu. Mama hakuwa na kitambaa kingine.

"Nitalishona mimi, shangazi," nikadakia. "Nitalimaliza kabla Taratibu hajamaliza kola yake."

Shangazi alinitazama. "Hilo ndilo lengo lako?"

"Ndiyo."

"Haya. Napeleka nguo za mteja. Kata mgongo na mbele, ila mikono usiiguse mpaka nirudi. Ukikwama, mwulize mwenzako."

Nimwulize yeye? Heri nile chaki.

Kitambaa kilikuwa na upande laini wa nje na upande wa ndani wenye vinyuzi. Mgongo niliukata vizuri. Nikaweka karatasi ya kipimo cha mbele, nikakata kipande cha kwanza. Nikaiweka tena vilevile, nikakata cha pili. Mkono ulikuwa kwenye mkasi, jicho lilikuwa kwenye kola ya Taratibu. Nilipovilinganisha, vyote viwili vilikuwa vya kulia. Nilikuwa nimesahau kuigeuza karatasi ili nipate cha kushoto. Nilipojaribu kukigeuza kipande chenyewe, vinyuzi vilitokea nje.

Niliketi sakafuni. Mdogo wangu angevaa nini Jumatatu?

Taratibu aliacha kola yake akaja. Nilingoja acheke.

"Mimi nilikata suruali yenye miguu miwili ya kushoto," akasema. "Mama akaniuliza kama mteja wetu ni bata."

Shangazi aliporudi, sikutafuta kisingizio. "Nilikuwa namtazama yeye, si shati. Namwonea wivu, shangazi."

Hakunigombeza. Aliokota futi, akapima kitambaa kilichobaki cha mikono. "Shati la mikono mirefu limekufa. La mikono mifupi bado lipo. Cha kushoto kitatoka humu. Sasa niambie upya, unataka nini?"

"Mdogo wangu avae shati Jumatatu."

"Na sasa hivi unafanya nini?"

"Naigeuza karatasi."

"Igeuze."

Ijumaa hiyo nilikata. Jumamosi niliunga mabega na mbavu. Kola ilinishinda mara mbili, na mara ya tatu nikameza kiburi nikamwomba Taratibu anionyeshe. Wivu haukuwa umekwisha, ila nilikuwa sina nafasi ya kuusikiliza. Jumapili mchana mdogo wangu alilivaa, akainua mikono juu, akakataa kulivua.

Shangazi alikata uzi wa mwisho kwa meno, akatugeukia sote wawili.

"Ukijiwekea lengo la kumpita mtu, wanangu, yeye ndiye anayekuchagulia pa kwenda. Chagua jambo unalolipenda mwenyewe, ligawe hatua ndogo, na njia moja ikiziba utafute nyingine. Hilo ndilo tumaini. Kukaa na kutamani cha mwenzako si tumaini, ni kuchoka bure."