Upawa Mdogo wa Maharagwe

Kila likizo Chiriku, aliyepachikwa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiotulia, alimsaidia mama yake kwenye mgahawa mdogo karibu na jengo lililokuwa likijengwa. Alichambua maharagwe, akafuta meza, na saa sita mchana ilipofika akasimama nyuma ya masufuria na kupakua. Wateja wakubwa walikuwa waashi wanane wa kwenye jengo lile. Bila wao, kodi ya chumba isingepatikana.

Asubuhi moja mama alirudi kutoka dukani amenuna. Mafuta yalikuwa yamepanda tena, mara ya tatu kwa miezi miwili, na mkaa nao haukubaki nyuma. Chiriku akamshauri abadilishe bei kwenye ubao. Mama akakataa katakata: ng'ambo ya barabara kulikuwa na mgahawa mwingine, na waashi wangehamia huko mchana uleule.

Basi Chiriku akajiona ana akili kuliko wote. Kesho yake alikuja na upawa mdogo wa nyumbani, akauficha ule mkubwa chini ya meza. Alitandaza wali mpaka ukingoni mwa sahani, na maharagwe akayazidishia mchuzi ili yaonekane mengi. Mama alikuwa jikoni akihangaika na moshi, hakuona kitu. Jioni alikuta chakula kimebaki, akafurahi.

Siku ya tatu waashi walizitazama sahani zao, wakala, wakalipa, wakaondoka. Siku ya nne hawakuja. Mama alizitazama meza zao mbili kila alipopita. Nafsi ikamsuta Chiriku. Akamweleza mama yake kila kitu.

Mama hakumgombeza. Alivua aproni, akamshika mkono, wakaenda moja kwa moja hadi kwenye jengo. Mwashi mkuu, mzee aliyejaa vumbi la saruji hadi kwenye nyusi, alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho.

"Nisamehe, babu," Chiriku alimalizia.

"Saruji nayo imepanda, mjukuu wangu," mzee akasema. "Mwenye nyumba hii nimempandishia bei, akaninunia wiki nzima. Lakini nilimwambia. Sikuzidisha mchanga kwenye ukuta wake nikanyamaza."

Kesho yake mama alifuta ubao, akaandika bei mpya, na chini yake sababu: mafuta na mkaa. Dereva mmoja aliusoma, akauliza kama siku hizi wali unapikwa kwa dhahabu. Washonaji wawili wakaanza kununua sahani moja na kugawana. Mteja mwingine alivuka barabara, hakurudi. Waashi walikuja sita kati ya wanane, wakinung'unika tangu mlangoni.

Chiriku alimuuliza mama yake kwa nini watu wanalalamika hivyo halafu wanakula.

"Waache walalamike, hata mimi kule dukani nalalamika," mama akajibu. "Mtu ukimwambia bei imepanda, atakasirika, atapiga hesabu zake, ataamua mwenyewe ale au aende. Ukimpunja kimyakimya, umeshamwamulia. Na mimi nilikosea, mwanangu. Niliogopa kuwaambia watu ukweli, nawe ukaiga woga wangu. Tusirudie, mimi na wewe. Haya, peleka sahani hizo, watu wana njaa."