Zamu ya Maji ya Alhamisi

Ndugu zangu, akina mama kwa akina baba, nawaeleza jambo lililoipata nyumba ya marehemu kaka yangu kule Mbololo, mwaka wa hamsini na sita. Sitaki kumwaibisha mtu. Nasema kwa sababu naona nyumba nyingine zinaelekea huko huko.

Kaka aliacha mtoto mmoja wa kiume, Hudson. Kazi yake ilikuwa kupunga bendera pale stesheni ya Voi, ya kijani na nyekundu, na alilala kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Nyumbani alikuja mara moja kwa mwezi. Mkewe, Wakio, alibaki mlimani na binti yao Alice, mtoto wa miaka minne, akilima shamba la baba mkwe wake. Ukipita pale jioni ungemsikia Alice akiimba nyimbo za kanisa na kukosea maneno, mamake akicheka huku akichambua maharagwe kwenye ungo.

Kisha akaja Donald. Huyu alifanya kazi na Hudson, naye ni wa Mbololo, na siku zake za kupumzika ziliangukia katikati ya juma.

"Bwana, sitaki kukuharibia nyumba," alimwambia Hudson. "Lakini kila Alhamisi, jua halijatoka, mkeo anapanda mlimani na jirani yako Gibson. Nimewaona mara tatu."

Hudson hakumwuliza mtu. Alianza kuja nyumbani bila kutoa habari, akikagua nyayo mlangoni na kuhesabu vikombe vilivyooshwa. Wakio akimwuliza ana nini, anajibu, "Wewe unajua." Baada ya miezi miwili alitamka kwamba anataka kuachana.

Wazee wa pande zote mbili walikutana kusuluhisha. Kwetu Taita, waliokosana hupewa kinywaji, kila mmoja apige funda, alinyunyize chini kwa mdomo huku akitaja lililomwuma, ili hasira itoke moyoni. Huko ndiko kutasa. Siku ile mamake Wakio alileta kibuyu cha maji ya miwa aliyoikamua mwenyewe. Wakio akapiga funda, akanyunyiza, akasema, "Kama kuna neno nililomkosea mume wangu, litoke."

Kibuyu kikamfikia Hudson. Alikinusa. Akamtazama mama mkwe wake, akauliza, "Nani ameonja hii?" Kisha akamwaga kidogo chini, kama mtu anayejaribu sumu.

Jamani! Mama mkwe yule, ambaye kwa heshima hakuwahi hata kuketi karibu naye, aliinuka, akampokonya kibuyu, akanywa yote mpaka tone la mwisho. "Nikifa leo, nizikeni na kibuyu changu," akasema.

Wazee wakachukua fimbo zao. "Hapa hatuna kazi tena. Nendeni kortini."

Ndivyo kesi ilivyoandikishwa kwenye korti ya wazee: uzinzi na Gibson, kila Alhamisi alfajiri. Kwa desturi yetu ndoa ikivunjika mtoto hubaki upande wa baba, na hilo ndilo lililomtisha Wakio. Alinijia akilia. "Shangazi, achukue vyote. Lakini Alice hajui kulala bila kushika sikio langu."

Nikashuka Voi kumwona Hudson, nimebeba ndizi ili nisionekane nimekuja kwa ugomvi. Nilimkuta chumbani na Donald, wanatayarisha ushahidi.

"Ukiulizwa walibeba nini?"

"Majembe."

"Usiseme majembe! Sema hukuona mikono yao."

Nikaweka ndizi chini. "Wanaume hawa! Tangu lini watu wakaenda kufanya uzinzi na majembe?"

Donald akatazama dari.

"Hudson," nikasema, "Alhamisi alfajiri ni zamu ya nani kwenye mfongo?" Mfongo ni mtaro wetu wa maji unaoteremka kutoka mlimani, kila nyumba na siku yake. "Ni zamu ya baba yako na baba yake Gibson, tangu wewe hujazaliwa. Wanapanda pamoja, kisha mmoja anafungua kule juu, mwenzake anapokea chini shambani. Umekaa Voi mpaka umesahau maji yako mwenyewe?"

Aliinamisha kichwa. Nikadhani amenielewa. Kumbe! "Shangazi, nani amekutuma?"

"Njoo Alhamisi uone."

Hapo nami nilikosea. Nilidhani atakuja na jembe kama mwenye shamba. Alikuja na Donald, kidaftari na penseli, wakajificha kwenye migomba.

Wakio mwenyewe alinisimulia. Alikuwa amezama topeni mpaka magotini, Alice ameketi juu ya jiwe, amefunikwa kanga. Gibson akapiga kelele kutoka mbali juu, "Yaja hayo!" Maji yakafika, Wakio akayaelekeza kwenye maharagwe. Hakuna lingine. Ndipo akasikia mtu ananong'ona migombani, "Ngoja kwanza, labda bado."

"Nani huyo?"

Hudson akatoka, koti limelowa umande. "Nilikuja kuona tu."

"Umeona?"

"Nimeona. Nisamehe."

"Basi shika jembe. Zamu ni yako." Akamwachia jembe, akambeba Alice, akaenda kwa mamake.

Siku ya kesi Hudson alisimama wa kwanza. "Wazee, sina kesi tena. Namtaka mke wangu."

Wakio akasimama. "Mimi ninayo. Kukosea angekosea tu, ningemsamehe. Huyu alikuja na shahidi na penseli, akingoja kwa hamu nipatikane mbaya. Nitalalaje kando yake?"

Wazee walimsihi mpaka adhuhuri. Akakataa. Ndoa ikavunjwa, na Alice akaletwa kwangu. Usiku ule wa kwanza sikio langu halikumfaa.

Siku ya soko nilimpeleka Voi akamwone mamake sokoni. Wakio alimpakata, akamnunulia mkate, lakini mtoto hakula. Alikuwa akimkodolea macho kila mtu aliyepita.

"Watafuta nini, mwanangu?"

"Baba amesema niangalie nani anakusalimia, nikamwambie."

Wakio akamgeuzia uso kwake, akammegea mkate.

FUNZO

Enyi mnaofanya kazi mbali na wake zenu, mkisikia neno, mwulizeni mwenye kusemwa kabla ya kutafuta shahidi. Swali la uso kwa uso lingemalizwa kwa maneno mawili: zamu ya maji. Nanyi mnaopeleka habari, pelekeni yote mliyoyaona, majembe yakiwemo. Msidhani kwamba mkigundua hapakuwa na kosa basi nyumba imepona, maana mke uliyemvizia hasahau. Na watoto, nawaomba, msiwape kazi hiyo. Alice yuko kwangu bado, na mpaka leo baba yake akija kumwona humfundisha kumpeleleza mamake.